Betri Iliyojaa Wakati wa Mvua

Nkoma, Mbale
19 Januari 2025

Kaka Geresom,

Nyumba nzima inakusalimu. Sisi wazima. Patience wangu amepoteza jino la mbele, na sasa akitamka jina lake mwenyewe anapiga filimbi. Baba yake, Arnold, yuko Moroto bado na kazi yake ya polisi; alikuja Krismasi akakaa siku chache, akarudi. Jua la huku ni kali na vumbi limeingia kila mahali, hata kwenye sukari.

Najua utauliza kwa nini sikupigi simu. Tangu mashine za karakana ziharibu masikio yako, nikikupigia nalazimika kupaza sauti mpaka majirani wote wanajua habari zangu, isipokuwa wewe. Na ujumbe mfupi hautoshi kwa mambo haya. Basi tuandikiane, kama Baba alivyotuzoeza alipohamishiwa Soroti akatuacha kwenye line za magereza, zile nyumba za askari. Dereva wa basi ananifahamu, ataiacha bahasha getini kwenu.

Jambo lenyewe ni ile sola uliyoifunga mwaka jana kwa ajili ya Aber. Haitoshi tena. Umeme wa nguzo hapa Nkoma ukikatika jioni, tunabaki na sola peke yake, na kabla hata Patience hajalala inveta inaanza kulia piii, halafu giza. Binti yako halalamiki, lakini namwona usoni. Yuko mwaka wa tatu wa sheria, na vitabu vyake vyote viko ndani ya kompyuta. Fundi Sebit wa Malukhu anasema tununue betri ya pili. Nikasema nikuulize wewe kwanza, maana wewe ndiye uliyeifunga.

Aber anakusalimu sana. Anasema usijali, atasoma mchana.

Mdogo wako,
Jovia


Line za Magereza, Jinja
3 Februari 2025

Dada Jovia,

Bahasha imefika nami niko salama. Tunaezeka upya karakana. Vijana wa kazini wananiita “Afande!” kwa makelele, nadhani wanaamini cheo kinasaidia kusikia. Mwambie Patience jino jipya linakuja na asiliguse kwa ulimi. Shemeji Arnold msalimie mkizungumza.

Sasa kuhusu sola. Mwambie Sebit betri asinunue. Betri ni jerikani tu. Bomba likiwa linadondosha, jerikani ya pili itakupa kazi ya kuitazama, basi. Tuangalie bomba kwanza.

Anza na vumbi hilo linaloingia kwenye sukari. Paneli zipanguswe asubuhi mapema kabla kioo hakijapata moto, maana maji baridi juu ya kioo cha moto yanaweza kukipasua. Halafu toka nje asubuhi, adhuhuri na alasiri, utazame kama kuna kivuli kinachogusa paneli. Kivuli cha ukubwa wa sahani tu kwenye pembe moja kinaweza kuirudisha nyuma paneli nzima. Tena nakumbuka nililaza paneli juu ya mabati moja kwa moja. Nilikuwa na haraka. Paneli inataka jua lakini haitaki joto. Ikichemka inatoa kidogo. Sebit aziinue, hewa ipite chini, na aziinamishe kidogo tu ili maji ya mvua yateremke. Sisi huku jua linapita utosini, hatuhitaji kuzisimamisha kama watu wa mbali.

Waya nao. Ule ni mwembamba na mrefu, umeme unapotea njiani. Aufupishe na aweke mnene, na kile kisanduku cha kuongoza chaji, kontrola, kikae karibu na betri.

Kisha kila asubuhi, kabla jua halijapiga na kila kitu kimezimwa, soma namba ya volti kwenye kontrola. 12.7 ni betri imejaa. 12.2 ni nusu. Ikishuka chini ya hapo kila siku tunaiua. Niandikie namba hizo.

Aber asisome mchana tu. Marehemu mama yake, Brigid, alisomea cheti cha uuguzi kwa koroboi mpaka pua ikawa nyeusi. Huyu nitampa mwanga.

Kaka yako,
Geresom


Nkoma, Mbale
23 Februari 2025

Kaka yangu,

Shikamoo yangu na ya Patience. Arnold alipita hapa wikendi, anakusalimu, anasema Moroto kuna joto la kukaanga mayai juu ya gari. Mama wa jirani alijifungua mapacha, kwa hiyo usiku hapa si wewe tu usiyesikia, sisi wote tumeziba masikio.

Tumefanya kila ulichosema. Kivuli kilikuwepo kweli: tangi la maji la jirani lilikuwa linafunika pembe ya paneli kuanzia saa tisa. Sebit amezihamisha, ameziinua juu ya mbao, amebadilisha waya. Alisema, “Huyu kaka yako anaona kutoka Jinja?” Sasa alasiri kontrola inaonyesha chaji ikiingia mpaka jua linapokaribia kuzama.

Ila namba ya asubuhi ilikuwa 11.6, na sasa ni 11.9. Nilitegemea zaidi. Kila tunachoongeza, kinatumika. Taa ya Aber haizimwi. Nikiamka kwenda msalani naona mstari wa mwanga chini ya mlango wake. Nilimwuliza, “Aber, wewe unalala saa ngapi?” Akacheka, akanijibu mimi shangazi yake, “Senga, betri ya Baba isiende bure.”

Amepungua kidogo. Chakula anakigusagusa tu. Nadhani ni mitihani.

Jovia


Jinja
10 Machi 2025

Dada,

Salamu kwa wote na pongezi kwa mama wa mapacha. Mimi nimepata mafua, yameanza kuisha. Karakana imepata paa.

Barua yako imenifurahisha kiasi kwamba nilimsomea Norman, mwenzangu wa hapa kazini, pale uliposema mwanga unaonekana chini ya mlango. Akasema, “Afande, unazaa wakili.” Kama anaimaliza betri yote mpaka asubuhi, basi anafanya kazi. Tumwongezee.

Kontrola mliyonayo ni ya kawaida. Paneli yangu ya kule inapenda kutoa nguvu yake ikiwa kwenye volti kumi na nane hivi. Betri iko kwenye kumi na mbili, kumi na tatu. Kontrola ya kawaida inaishusha paneli ifanane na betri, na tofauti ile inapotea bure. Kuna aina nyingine, juu yake imeandikwa MPPT. Hiyo inaiacha paneli kwenye volti inazozipenda, inatafuta muda wote mahali ambapo volti mara ampea inaleta wati nyingi kuliko pengine, kisha volti za ziada inazigeuza kuwa ampea za kuingia kwenye betri. Wingu likipita inatafuta upya. Ninayokutumia inapokea hadi volti mia, kwa hiyo Sebit aziunganishe paneli mbili kwa mfuatano, ya kwanza ishike ya pili, ili volti zipande na waya usipoteze. Ahakikishe amechagua aina ya betri kwenye kontrola. Betri ya maji ikichajiwa kama ya jeli haijai vizuri. Na aongeze maji yaliyosafishwa, si ya bomba.

Norman ana safari ya Mbale mwezi huu au ujao, atakuletea boksi mkononi.

Kuhusu kupungua, mpikie malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga. Alikuwa anayapenda tangu mdogo.

Geresom


Nkoma, Mbale
22 Aprili 2025

Kaka Geresom,

Pasaka njema, ingawa imepita. Samahani kwa kuchelewa kujibu, mambo ya shule ninakofundisha yalinibana. Patience alivaa gauni jeupe akaanguka kwenye matope mlangoni mwa kanisa. Mvua imetushika vibaya. Wiki iliyopita hatukuliona jua hata siku moja, mlima wote uko ndani ya mawingu, na njia ya Nakaloke imekuwa ya bata.

Norman alifika na boksi. Sebit ameifunga kontrola. Inafanya kazi vizuri sana. Namba ya asubuhi sasa ni 12.7, kila siku. Tunashukuru mno.

Aber anakusalimu.

Jovia


Jinja
5 Mei 2025

Dada Jovia,

Pole kwa gauni la Patience. Huku nako mvua, lakini si kama yenu. Mafua yameondoka.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Niliisoma kazini, nikaisoma tena nyumbani, na kuna kitu hakikai sawa.

Kontrola ile ni nzuri, lakini haitengenezi jua. Siku njema inaongeza robo, na betri ikiwa chini na paneli zimepoa inaweza kuzidi hapo kidogo. Wewe unasema wiki nzima hamkuona jua. Wiki kama hiyo paneli hazileti hata theluthi ya kawaida yake. Kama Aber angetumia kama alivyotumia Februari, inveta ingelia mapema kuliko zamani. Badala yake unaniambia 12.7 kila asubuhi. Namba hiyo kwenye mvua ina maana moja tu: usiku hakuna anayewasha kitu.

Jambo lingine si la umeme. Salamu za Aber zamani zilikuja na neno lake. “Usijali.” “Isiende bure.” Safari hii umeandika anakusalimu, nukta.

Nimemtumia ujumbe kwenye simu mara kadhaa. Ananijibu “niko sawa Baba” na maneno hayabadiliki, kama muhuri.

Sikulaumu, dada. Mwanangu yuko wapi?

Geresom


Nkoma, Mbale
12 Mei 2025

Kaka,

Leo salamu zitakuwa fupi. Aber yu hai, amekula, na ninapoandika amelala chumba cha pili na Patience. Nimeanza na hilo ili usikimbilie mwisho wa barua.

Februari nilikwambia taa haizimwi. Sikukwambia kwamba siku moja nilifungua mlango nikamkuta mbele ya kompyuta, na kesho yake nikamkuta kwenye ukurasa uleule. Usingizi ulikuwa umemkataa. Mwishoni mwa Machi akaanza kuongea haraka, anaanza sentensi hii anamalizia na nyingine. Alifua nguo za nyumba nzima, hata zilizokuwa safi kabatini. Aliniambia herufi zinatembea kwenye karatasi. Mimi nikasema ni uchovu, nikampa uji.

Asubuhi moja akatoka bila viatu. Tulizunguka Nkoma yote. Ikafika saa nne, akanipigia Asadu, yule kijana wa boda anayempeleka Patience shule.

“Mama Patience, dada yenu niko naye hapa Nakaloke, sokoni. Anasema anaenda kortini kutetea watu. Miguu yake inatoka damu. Nimempa maji, amekaa. Kuja pole pole, asiogope.”

Nilipofika nilimkuta amevaa kandambili za Asadu, na Asadu amesimama peku kwenye matope. Hakuna aliyekuwa akicheka. Wanawake wa soko walikuwa wamemzungushia kanga.

Hospitali tulipokewa na Dokta Seema, mzaliwa wa hapahapa Mbale. Alizungumza naye kwa upole sana, kisha akaniuliza, “Mama, huyu amekaa macho kwa muda gani?” Kaka, mimi niliyekuwa nakuandikia namba za betri za kila asubuhi, sikuwa na namba ya mtoto. Dokta akasema, “Ni ugonjwa, na unatibika. Kwanza alale. Dawa zitamsaidia, na muda. Asirudishwe kwenye vitabu kwa nguvu.”

Alilazwa wiki kadhaa. Norman alipoleta boksi lako, Aber alikuwa wodini. Norman alisimama sebuleni akauliza, “Wakili wetu yuko wapi?” Nikasema yuko chuoni. Nilisema uongo huo nikiwa nimeshika kontrola yako mkononi. Sasa yuko nyumbani. Kompyuta nimeifungia sandukuni. Ndiyo maana betri imejaa.

Utauliza kwa nini nilificha. Siku aliyoanza kuongea vizuri, neno lake la kwanza lilikuwa, “Senga, Baba asijue nimeacha kusoma.” Hakusema asijue ninaumwa. Alisema hivyo nilivyoandika. Na mimi nilikubali haraka, kwa sababu niliogopa pia. Unakumbuka mjomba wetu alipougua hivyo, line nzima ilivyompa jina, na sisi watoto tukaambiwa tusipite mlangoni kwake.

Nijibu, hata kama umekasirika.

Jovia


Nkoma, Mbale
22 Juni 2025

Kaka Geresom,

Sisi wazima. Jino la Patience limetoka, limekaa upande. Arnold amepata likizo fupi, amerekebisha mlango wa choo.

Ni zaidi ya mwezi na hujaandika. Dereva ameapa kwamba aliiacha bahasha getini. Norman nilimpigia, akasema unakuja kazini, unafanya kazi, huongei.

Nimemwambia Aber kwamba unajua. Sikuweza kukwambia wewe yote kisha yeye nimfiche. Akaenda kuosha vyombo, akaviosha vyote, akarudi akijifuta mikono.

“Amesema nini?”

“Bado hajajibu.”

“Ameipata barua?”

“Ameipata.”

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuanua nguo. Tangu hapo basi likipita kwa mbali anainua macho. Analala vizuri sasa. Dawa zinamfanya mzito asubuhi na anaongea chini, lakini anakula, anafua, anamsuka Patience nywele. Anayekosekana ni wewe.

Jovia


Jinja
30 Juni 2025

Dada Jovia,

Nakusalimu na nawasalimu wote. Shemeji asante kwa mlango.

Sikunyamaza kwa hasira. Nilifika Mbale.

Ilikuwa Jumamosi, mwishoni mwa Mei. Nilipanda basi bila kumwambia mtu, nimebeba begi langu la kazi: spana, kipima umeme, waya, kamba ya kupandia. Boda ilinishusha pale kona ya duka. Kutoka pale uwanja wenu unaonekana. Aber alikuwa anaanika mashuka, Patience anampa vibanio. Mtoto akasema kitu na Aber akacheka. Niliuona mdomo wake ukicheka, sauti sikuipata.

Nilikuwa nimepanga njia nzima nitakachofanya: nitapanda juu, nitaangalia muunganisho, nitapima betri. Halafu nikajitazama na begi lile. Kuna nini cha kupima? Kila kitu juu ya paa lile kilikuwa kinafanya kazi vizuri. Mwenye duka akaniuliza, “Mzee, umepotea?” Nikamwambia ndiyo. Nikarudi stendi.

Tangu hapo kila nikishika kalamu naandika kuhusu volti. Nimechana karatasi nyingi. Nifanye nini, Jovia? Nikija nimwambie nini?

Geresom


Nkoma, Mbale
6 Julai 2025

Kaka,

Salamu zako tumezipata, sisi wazima, na mimi nimekukasirikia.

Kumbe ni wewe. Mwenye duka alinisimulia kwamba mzee mmoja mwenye begi la fundi alisimama pale mpaka soda yake ikapata moto. Tulidhani ni mtu wa kusoma mita.

Rudi. Begi liache Jinja. Chuo usikitaje mpaka akitaje mwenyewe. Usimletee kitu chochote cha kumwongezea kitu chochote. Ukifika piga hodi. Kuhusu la kumwambia, mimi sijui, na Dokta Seema nilimuuliza akasema hata yeye hajui, wewe ndiye baba.

Chumba kipo. Aber ndiye aliyetandika kitanda, sikumwambia ni cha nani, lakini ametoa blanketi lile la kijani unalolipenda.

Jovia


Jinja
11 Agosti 2025

Dada Jovia,

Nimerudi salama. Ndizi ulizonifungia zilifika zimepondeka kidogo, nimezila hivyohivyo. Norman amekula nusu.

Uliondoka kwenda kanisani na Patience ukaniacha na Aber jikoni. Sikukusimulia yaliyofuata kwa sababu uliporudi palikuwa na watu, na siku zilizobaki tulikaa kama watu wa kawaida, sikutaka kuharibu. Naandika sasa.

Alikuwa anamenya matoke. Nikachukua kisu cha pili nikamenya naye. Anaongea chini, nawe unajua masikio yangu, basi nikahamisha stuli yangu nikamwelekezea sikio lililo bora. Kisha akasema, hakuniangalia:

“Baba, kila ulipotuongezea umeme niliona aibu kuzima taa.”

Nilisikia, dada. Nilisikia mara ya kwanza. Nikasema “Eeh?” kwa sababu nilitaka muda. Akadhani sijasikia, akarudia kwa sauti kubwa, neno kwa neno. Kwa hiyo nililipata mara mbili.

“Sikujua,” nikamwambia.

“Najua hukujua. Sikukwambia.”

“Nilidhani unasoma.”

“Hata mimi mwanzoni nilidhani nasoma.”

Tukaendelea kumenya. Ndipo nikamwambia habari ya mama yake. Siku zote nimemsimulia koroboi na pua nyeusi, na yote ni kweli. Lakini sikuwahi kumsimulia kwamba Brigid alianguka mtihani wa kwanza, akarudi kwao Kitgum akakaa mwaka mzima akilima simsim na mama yake, na hakutaka mtu amtajie uuguzi.

Aber akaweka kisu chini. “Mama alifeli?”

“Alifeli. Akalima. Baadaye akarudi.”

“Kwa nini hukuwahi kuniambia?”

“Hukuniuliza.”

Si jibu la maana, hata mimi nilijua, lakini alicheka, na safari hii nilikuwa karibu nikamsikia. Halafu akalia. Nilimshika bega kwa mkono wenye utomvu wa matoke. Gauni lake limepata madoa, niombee radhi.

Aliniomba kitu kimoja. Alitaka ile taa ya mezani chumbani kwake iondolewe. Uliniambia begi niliache, nami nililiacha, kwa hiyo niliifungua kwa kisu cha jikoni, nikapinda ncha yake. Utakiona kwenye droo. Taa nimeiweka juu ya kabati lako, atakayeitaka atasema.

Umeme wenu umezidi sasa. Betri ikijaa kontrola inapunguza yenyewe, haidhuriki. Ila kama una friji ndogo ya maziwa, iwashe mchana jua likiwa kali na uizime jioni. Hilo ndilo pekee la ufundi katika barua hii.

Hatukuzungumza kuhusu chuo. Niliuma ulimi mara nyingi.

Nitakuja tena Oktoba. Nitapiga hodi.

Kaka yako,
Geresom


Nkoma, Mbale
7 Septemba 2025

Kaka Geresom,

Sote wazima, Arnold yumo humu ananihimiza niandike upesi ili barua iwahi basi. Kisu nimekiona. Nimekinyoosha kwa nyundo, sasa kinakata upande mmoja tu. Friji tumeipata kwa mwalimu mwenzangu anayehama, na Patience anaifungua kila saa kuangalia kama maziwa bado yako baridi.

Dokta Seema amepunguza dawa moja. Aber ameanza kwenda sokoni mwenyewe, Nakaloke kulekule. Mara ya kwanza nilimfuata kwa mbali kama mwizi, akageuka akaniambia, “Senga, nakuona.” Tangu hapo nabaki nyumbani.

Alhamisi alirudi na nyanya, uso umemwiva. Nilimwuliza kulikoni, akasema, “Nyanya tu.” Aliyenisimulia ni Asadu. Muuzaji alikuwa amemfungia nzuri juu na mbovu chini. Aber akafungua mfuko, akazimwaga zote juu ya meza yake mbele ya watu, akawa anazishika moja moja: “Hii ungempa mtoto wako? Na hii?” Watu wakajaa. Muuzaji akaona aibu, akamwuliza kwa hasira, “Kwani wewe nani? Wakili?”

Asadu anasema Aber alisimama kidogo na nyanya mkononi, akafikiri, akamjibu, “Bado.”

Kisha akachagua nzuri, akaondoka. Tumezipika leo na samaki.

Mdogo wako,
Jovia